Ujumbe Uleule Usifanane: Funzo Kutoka Kilindini

Tuseme zahanati moja ya Mwisenge, hapa Musoma, inatuma jibu la kipimo cha VVU kwenda hospitali ya mkoa. Majibu ni mawili tu: "anavyo" au "hana". Jibu limesimbwa kwa ufunguo wa umma wa hospitali, na hospitali peke yake ndiyo inayoweza kulifungua. Je, ni salama?

Bado. Ufunguo wa umma, kama jina lake, kila mtu anao. Mdukuzi naye anasimba "anavyo", anasimba "hana", halafu analinganisha na ujumbe alioudaka njiani. Unaofanana ndio jibu. Kufuli halijavunjwa, lakini siri ya mgonjwa imeshatoka.

Udhaifu wa namna hii tuliwahi kuuona jirani tu, Mombasa. Mwaka 1942 Waingereza, wakihofia mashambulizi ya Wajapani kule Colombo, walihamishia wavunja msimbo wao katika shule ya Allidina Visram, karibu na Kilindini. Septemba mwaka huo Wajapani walituma ujumbe bila kutaja meli ilipo, wakautuma tena wakiwa wameongeza hilo, kwa ufunguo uleule. John MacInnes na Brian Townend wakapata pa kuanzia. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma jumbe zote za mfumo huo, JN-40. Ule ulikuwa ufunguo wa siri, si wa umma, ila funzo ni moja: kurudia kunaumbua.

RSA ilipozaliwa mwaka 1977, katika umbo lake la msingi nayo ilirudia: ujumbe uleule, matokeo yaleyale. Mwaka 1982 Shafi Goldwasser na Silvio Micali wakaonyesha dawa: ingiza nasibu ndani ya usimbaji wenyewe. Kwa RSA, hilo hufanywa hivi: kabla ya kusimba, ujumbe unaongezewa vijazio vya nasibu. "Hana" ya leo na "hana" ya kesho zinatoka tofauti kabisa. Mwenye ufunguo binafsi anafungua, anatupa vijazio, anasoma.

Ila si kila ujazaji unafaa. Kiwango cha PKCS #1 v1.5 cha mwaka 1993 kilidai angalau baiti 8 za nasibu. Mwaka 1998 Daniel Bleichenbacher akaonyesha kwamba seva ikikuambia tu kama vijazio vimekaa sawa au la, maswali kama milioni moja yanatosha kuupata ujumbe. OAEP, iliyobuniwa na Mihir Bellare na Phillip Rogaway mwaka 1994, huukoroga ujumbe wote pamoja na nasibu, na ndiyo inayoshauriwa kwa RSA leo.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mfumo wetu unatumia RSA", muulize: mnajaza vipi?