ZIMWI LILILOTOKA BAHARINI: HISTORIA YA SINEMA ZA MADUBWANA

Nawasalimu hasa ninyi wa vikundi vya Songea, Namtumbo, Mbinga na Tunduru, ambao ndio tuliowafikiria tulipolitayarisha somo hili. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuandika. Na wewe unayelisoma katika kijitabu, soma polepole, na ufikapo kwenye maswali ya mwisho usiyaruke.

Leo tutazungumza juu ya sinema za madubwana. Najua baadhi yenu mtasema, "Sinema ni mchezo wa vijana, historia iko wapi hapo?" Ngojeni kidogo. Watu wengi wamewahi kumwona Godzilla, lile joka refu kuliko maghorofa, kwenye televisheni au katika banda la video. Lakini ni wachache wanaojua kwamba joka hilo lilizaliwa mwaka 1954 kutokana na msiba wa kweli, na kwamba mizizi ya msiba huo inafika hadi ardhi ya Afrika. Tena mkoa wa Ruvuma unayo ardhi yenye jiwe la namna hiyo hiyo. Ndiyo sababu somo hili linawahusu.

Tuanze na hadithi ya kwetu. Watu wa Unguja walikuwa na hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka akaanza kula mifugo. Watu walipokuja kushitaki, sultani alijibu kwamba paka ni mali yake, na mnyama aliyeliwa ni mali yake pia. Paka akazidi kukua, akaanza kula watu, na mwisho akawala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani alipotambua kwamba yule si paka tena, ni nunda. Hadithi hii ina swali ambalo tutakwenda nalo hadi mwisho wa somo: Nunda alilelewa na nani?

JIWE LA KATANGA

Mwaka 1915 urani iligunduliwa mahali paitwapo Shinkolobwe, katika Katanga, wakati Kongo ilipotawaliwa na Wabelgiji. Siku hizo waliochimba walitaka radi, madini yaliyotumika hospitalini, na urani yenyewe haikuwa na bei kubwa. Kisha wataalamu wa Ulaya wakavumbua kwamba chembe za urani zaweza kupasuliwa zikatoa nguvu kubwa mno. Mkuu wa kampuni iliyochimba, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasije wakayapata mawe hayo. Mwaka 1940 alipeleka kiasi cha tani 1,200 mpaka New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka Kongo. Kazi yote ilikuwa ya siri, na wachimbaji Waafrika hawakuambiwa jiwe lile linakwenda kufanya nini.

SINEMA ZA MAREKANI

Baada ya vita Marekani waliendelea kuyajaribu mabomu yao, na nchi nyingine zikafuata. Watu wa kawaida walijua kwamba kuna hatari, ila hawakuweza kuiona. Mionzi haina rangi, haina harufu, wala haina sauti. Basi watengeneza sinema wakaipa hatari hiyo mwili, meno na miguu.

Mwaka 1953 ilitoka sinema ya The Beast from 20,000 Fathoms. Mnyama wa zamani sana, aliyelala katika barafu ya kaskazini, anaamshwa na bomu la majaribio na kuingia katika mitaa ya New York. Mwaka uliofuata ikatoka Them! Hiyo ni habari ya chungu waliokua wakawa wakubwa kuliko mtu, katika jangwa la New Mexico, mahali ambapo bomu la kwanza lilijaribiwa tarehe 16 Julai 1945.

Hapa tusimame kidogo tujifunze hesabu. Je, siafu aweza kukua akawa kama ng'ombe? Hawezi. Ukimfanya awe mrefu mara 10, basi na upana wake na unene wake huongezeka mara 10. Uzito wake utakuwa mara 1,000, kwa kuwa 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. Lakini nguvu ya mguu hutegemea unene wa mguu ukikatwa, nao huongezeka mara 100 tu. Ni sawa na kujenga nyumba yenye paa zito mara 1,000 juu ya nguzo zenye nguvu mara 100. Itaanguka. Mionzi haifanyi majitu. Mionzi huunguza, huharibu damu, na baada ya miaka yaweza kuleta saratani. Kwa hiyo dubwana la sinema ni uongo, lakini hofu iliyolizaa ilikuwa ya kweli.

Angalieni pia jinsi sinema hizo zinavyokwisha. Wataalamu na askari wanashauriana, wanapata silaha, wanashinda. Mnyama wa New York anauawa kwa risasi yenye mionzi. Yaani kile kilichomwamsha ndicho kinachomwua, na watazamaji wanarudi nyumbani wakiwa na amani.

MWEZI MACHI 1954

Japani mambo yalikuwa mengine. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani walijaribu bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, kwenye Bahari ya Pasifiki. Wataalamu walitazamia nguvu fulani. Bomu likatoa zaidi ya mara mbili ya ile, kiasi cha mara 1,000 ya bomu la Hiroshima. Mbali na hapo kulikuwa na mashua ya uvuvi ya Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, yenye watu 23. Waliona mwanga mkubwa, kisha majivu meupe yakawanyeshea kwa saa kadhaa. Waliporudi kwao walikuwa wagonjwa. Tarehe 23 Septemba mmoja wao, Aikichi Kuboyama, fundi wa redio ya mashua, alifariki akiwa na umri wa miaka 40. Watu wa visiwa vya Marshall nao waliangukiwa na majivu yale. Katika masoko ya Japani samaki wengi waliokutwa na mionzi walitupwa.

Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo sinema ya Gojira ilionyeshwa Japani. Aliyeiongoza ni Ishiro Honda, ambaye alikuwa askari, na alipotoka vitani alipita Hiroshima akaona magofu yake. Jina la Gojira limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kijapani, la sokwe mkubwa na la nyangumi. Dubwana lenyewe lilikuwa mtu aliyevaa vazi zito, akikanyaga mji mdogo wa mfano.

Sinema inaanza na mashua inayounguzwa na mwanga baharini. Mtazamaji wa Japani hakuhitaji kuelezwa. Baadaye tunaona hospitali iliyojaa majeruhi, watoto wanaopimwa mionzi, na mama aliyewakumbatia wanawe akingoja kufa. Mwishoni kijana mmoja mtaalamu, Serizawa, ana silaha ya kuliua joka. Lakini anaogopa kwamba serikali zikiijua zitaitumia juu ya watu. Anachoma karatasi zake, anaitumia silaha mara moja tu, na anakufa pamoja na joka ili siri ipotee. Mzee mmoja anaonya kwamba majaribio yakiendelea, joka jingine laweza kutokea. Hakuna anayeshangilia.

Mwaka 1956 Wamarekani waliionyesha kwao wakiwa wameikata, na kumtia ndani mwandishi wa habari Mmarekani. Maneno mengi juu ya bomu yaliondolewa. Mwanamke mmoja, ambaye ndani ya treni alisema kwamba yeye aliokoka Nagasaki, hakusikika tena. Joka likabaki, sababu yake ikapungua. Fikirini jambo hilo: mtu akikusimulia habari ya nunda bila kumtaja sultani, amekunyima nusu ya hadithi.

Watu wa Songea wanaweza kuifahamu hofu ile vizuri. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, babu zetu walikabili bunduki za mfululizo, zilizoitwa bombomu, nao walitumaini kwamba dawa ya maji ingezuia risasi. Silaha mpya ikija kabla ya maarifa yake, watu hutafuta kinga popote. Silaha ya Serizawa nayo ilikuwa dawa ya ndoto. Lakini Japani kulipatikana dawa nyingine, nayo haikutoka katika sinema.

KIKUNDI CHA SUGINAMI

Katika mtaa wa Suginami, mjini Tokyo, wanawake walikuwa na kikundi cha kusoma vitabu pamoja katika jumba la elimu ya watu wazima, kama mnavyokutana ninyi. Baada ya habari za mashua ile walijadiliana: samaki wetu wameharibiwa, tufanye nini? Mwezi Mei 1954 wao na majirani zao walianza kukusanya sahihi za watu wanaopinga mabomu ya haidrojeni. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Hadi Agosti 1955 sahihi zilizokusanywa Japani nzima zilipita milioni 30.

Afrika nayo haikukaa kimya. Ufaransa ilipotangaza kujaribu bomu katika Sahara, kundi la watu lilisafiri kutoka Ghana mwaka 1959 ili kwenda kuwazuia, lakini likazuiwa njiani. Mmoja wao, Mmarekani mweusi Bill Sutherland, baadaye aliishi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Bomu lililipuliwa huko Reggane tarehe 13 Februari 1960. Hata hivyo kelele za watu duniani zilizidi. Mwezi Agosti 1963 Marekani, Uingereza na Urusi zilitia sahihi mkataba wa kuacha majaribio angani na baharini.

JIWE LA MTO MKUJU

Sasa turudi nyumbani. Katika wilaya ya Namtumbo, karibu na Mto Mkuju, kuna urani. Mwaka 2012 sehemu ndogo ya Pori la Akiba la Selous iliondolewa katika Urithi wa Dunia kwa ajili ya mgodi huo, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kusafisha urani kilizinduliwa.

Je, ni bomu? La. Katika kila sehemu 1,000 za urani ya asili, ni 7 tu zinazopasuka kwa wepesi, na kuzichuja ni kazi kubwa sana. Urani hutumika hasa kuzalisha umeme. Hatari ya mgodi ni ya namna nyingine: vumbi, hewa ya mionzi shimoni, na mabaki yanayoweza kuingia majini. Hiyo haina meno wala mkia. Hupimwa kwa vyombo, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kuisimamia. Wananchi wa Shinkolobwe hawakuambiwa lolote. Ninyi mnaweza kuuliza, na anayejua la kuuliza hadanganywi upesi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani aliyekuwa "sultani" katika habari ya Shinkolobwe na Bikini?
2. Kwa nini Gojira ilikatwa ilipopelekwa Marekani?
3. Maji ya kijiji chenu hupimwa na nani, na matokeo husomwa wapi?
4. Kikundi cha Suginami kilianza na kitabu. Chenu kinaweza kuanza na nini?

Wazee walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tuongeze kwamba zimwi tunalolijua vizuri tunaweza kulifunga kamba. Andikeni majibu yenu.