SIKIO LA MTOTO, SEHEMU YA 5: Sauti inageukaje kuwa umeme?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ngoma ya sikio. Leo tunaingia ndani kabisa, na ni hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza.

Sauti inagonga ngoma, ngoma inatikisa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Sawa. Lakini ubongo hauelewi mtikisiko, unaelewa umeme mdogo unaopita kwenye mishipa ya fahamu. Sasa nani anageuza mtikisiko kuwa umeme? Swali hilo liliwachukua wataalamu zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1851 Mwitaliano Alfonso Corti alichungulia kwa hadubini ndani ya koklea, kile kijumba kilichojiviringisha kama konokono, kidogo kama punje ya njegere. Akaona safu za seli zilizopangwa vizuri ajabu. Zina vinywele juu yake. Baadaye Mhungaria Georg von Békésy alipima masikio ya maiti akaona wimbi likikimbia kwenye utando wa ndani: sauti nyembamba inaishia karibu na mlango, nzito inakwenda mpaka mwisho. Hata sikio la tembo alilipima. (Sisi tunaokatiza Hifadhi ya Katavi kwenda Mpanda tunajua kichwa cha tembo si mzigo wa mtu mmoja!) Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Mwaka 1977 Wamarekani David Corey na James Hudspeth, wakitumia sikio la chura, walionyesha kwamba vinywele vikipindishwa, umeme wa seli unabadilika hapo hapo. Yaani vinywele vikipinda, vijilango vidogo mno vinafunguka, potasiamu yenye chaji inaingia, seli inamwaga kemikali upande wa chini, mshipa wa fahamu unashtuka, ubongo unasikia "mama".

Mtoto anazaliwa na seli hizi kama 15,000 kila sikio. Ndizo hizo hizo mpaka uzee. Kuku akipoteza za kwake zinaota tena, wanasayansi walilithibitisha hilo miaka ya 1980. Sisi hapana.

Na ndiyo maana historia ya dawa inatuhusu. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, dawa ya kwanza kuishinda TB kweli kweli. Haikupita miaka mingi madaktari wakaona wagonjwa wanapona kifua lakini wanapata kizunguzungu, wengine uziwi. Ilikuwa inaua zile seli. Ndugu yake kanamaisini ilitumika kwa TB sugu mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoacha kuipendekeza mwaka 2018. Jentamaisini ni ya ukoo huo huo. Jamani, nisieleweke vibaya: mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu akiandikiwa jenta hospitali, achomwe, inaokoa maisha. Dozi inapimwa kwa kilo zake na siku zinahesabiwa. Ninachokipinga ni ile ya kununua vichupa dukani na kumwita mtu aje kuchoma nyumbani.

Je, seli zikishakufa? Mwaka 1957 huko Paris, Djourno na Eyriès walipitisha umeme karibu na mshipa wa kusikia wa mtu kiziwi, akasikia kitu. Graeme Clark wa Melbourne akaboresha kifaa mwaka 1978. Kifaa hicho kinaziruka seli na kugusa mshipa moja kwa moja. Watoto wetu walikuwa wanapelekwa India, hadi mwaka 2017 Muhimbili walipoanza kupandikiza wenyewe.

Ila umri ni kila kitu, maana ubongo unajifunza maneno miaka ya mwanzo. Mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti yako, usisubiri kuambiwa "ataongea tu, hata baba yake alichelewa". Mlete kliniki. Na kama kifaa hakitawezekana, lugha ya alama ni lugha kamili, ianze mapema. Shule ya Viziwi Tabora ipo tangu 1963, na treni ya Mpanda inafika huko.

Sehemu ya 6: usaha masikioni, na kwa nini mafuta ya moto hayaponyi.