Uteuzi wa Mbinu za Kuunganisha Alumini: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Namoto

Utangulizi

Namoto ni kituo cha mpaka cha Msumbiji karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, kikitazamana na Kilambo, mkoani Mtwara. Watu na mizigo huvuka hapo kwa vyombo vya majini, kwa kuwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali upande wa magharibi, kati ya Mtambaswala na Negomano. Mahali ambapo maisha hutegemea chombo, namna ya kuunganisha vipande vyake ni suala la usalama na la sera. Makala haya yanadai kwamba, katika historia ya alumini, uteuzi uliofaulu ulizingatia mambo matatu: unene wa bamba, mahali pa kazi na uwezo wa kukagua kiungo. Upya wa mbinu peke yake haukutosha.

Mshono kabla ya moto

Pwani ya Waswahili ililijua swali hili mapema. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja mashua zilizoshonwa katika pwani hii, na mtepe ulioshonwa kwa kamba za makumbi ulidumu hadi nyakati za karibuni. Mshono uliruhusu mbao kunyumbuka chombo kilipopandishwa ufukweni, na malighafi yake ilipatikana pwani penyewe. Fundi aliyeshona alikuwa amechagua, sawa na fundi aliyepiga misumari.

Kutoka ribiti hadi tao la umeme

Alumini ilianza kuzalishwa kwa wingi baada ya mbinu ya Hall na Héroult kugunduliwa mwaka 1886, lakini kwa muda mrefu iliungwa zaidi kwa ribiti. Kikwazo kilikuwa katika tabia ya metali yenyewe. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali utando wa oksidi unaoifunika huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Aidha, husambaza joto haraka kuliko chuma.

Mwaka 1941, Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, Marekani, alitumia elektrodi ya tungsteni na kinga ya heliamu kuchomelea magnesi. Mbinu hiyo, TIG, ilikuja kufaa pia kwa alumini, hasa kwa mabamba membamba, kwa kuwa fundi huongoza joto kwa makini na umeme wa mkondo geu huvunja utando wa oksidi. Kasi yake ni ndogo. Mwaka 1948, taasisi ya Battelle ilikuza mbinu ya MIG, ambamo waya hujilisha wenyewe, na mabamba mazito yakaweza kuunganishwa kwa kasi.

Mfano mzuri ni meli ya gesi LNG Aquarius, iliyokabidhiwa mwaka 1977. Matangi yake ya duara ya alumini yalitengenezwa Charleston, kisha yakavutwa kwa tishari hadi kiwanda cha meli cha Quincy. Tangi lilihamishwa, lakini mazingira ya kulichomelea hayakuhamishwa. Uchomeleaji kwa msuguano wa kukoroga, uliobuniwa katika taasisi ya TWI, Uingereza, mwaka 1991, hauyeyushi metali, ila huhitaji mashine nzito inayobana kazi kwa uthabiti.

Namoto na gesi ya Ruvuma

Ugunduzi wa gesi katika bonde la Ruvuma mwaka 2010 uliifanya Palma kuwa eneo la viwanda vya baadaye. Shambulio la Machi 2021 lilisimamisha mradi wa nchi kavu, na vijana wengi wakabaki bila kazi waliyoitarajia. Mradi wa aina hii haupokei mchomeleaji kwa sifa za mdomo. Hudai cheti kinachotaja mbinu, metali na mkao wa kazi.

Hapa historia ina funzo. Kwenye karakana iliyo wazi, upepo wa bahari hupeperusha gesi ya kinga na kuacha vitundu ndani ya kiungo. Aloi ya 6061 iliyoimarishwa kwa joto hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kando ya kiungo, wakati 5083, inayotumika kwa vyombo vya majini, hupungua kidogo zaidi. Kwa hiyo, bamba nene la 5083 ndani ya banda lililozibwa upepo linafaa MIG. Bomba jembamba, TIG. Na pasipo banda, gesi wala ukaguzi, ribiti au bolti ni uamuzi wa busara.

Hitimisho

Mfumo wa Sifa za Elimu wa SADC, ulioidhinishwa mwaka 2011, unazihusu Tanzania na Msumbiji pia. Hata hivyo, fundi wa Mtwara hufunzwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na wa Palma kwa Kireno. Washauri wa sera wangeanza na mtihani mmoja wa vitendo unaotambuliwa pande zote mbili za Ruvuma, pamoja na mabanda yenye kinga ya upepo. Mashine ghali iliyonunuliwa kabla ya hayo itazalisha viungo ambavyo hakuna awezaye kuvithibitisha, na atakayelipa gharama ya kosa hilo ni abiria.