Siti na Wenziwe wa Ng'ambo

Watu huisifu sauti ya Siti binti Saad, na wana haki. Ila sauti moja haifanyi taarab. Mzaliwa huyu wa Fumba, mchuuzi wa vyungu, alihamia mjini mwaka 1911, akafunzwa kuimba na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905. Kisha akapata wenziwe, miongoni mwao Subeti Ambari, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Mbaruk. Nyumbani kwake Ng'ambo walikutana usiku baada ya usiku. Hapo khabari za mji, kesi za mahakamani na dhuluma za wakubwa zilizungumzwa, zikatungiwa maneno, kisha udi na fidla vikafuatanishwa na sauti mpaka vikapatana. Nadhani huo ndio uliokuwa mtihani wao mkubwa. Walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, walichukua kazi iliyokwisha kuiva. Santuri ya siku zile ilitosha dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Harusini, wimbo uo huo uliweza kurefushwa kadiri watu walivyotaka.