Tajiri Aliyeutangazia Uadui Mvutano wa Ardhi

Ndoto ya kuruka ni miongoni mwa ndoto zilizosimuliwa na wanadamu wa kila zama: mtu kalala kitandani mwake, mara hujiona ameinuka pasi na bawa wala chombo, akielea juu ya mapaa ya nyumba na vilele vya minazi, na uzito wote aliouchukua tangu kuzaliwa kwake umemtoka. Vitabu vya taabiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin vimeifungulia mlango wake, na aghalabu huifasiri kuwa ni safari. Na swali la kwamba kinachopaa ni roho peke yake au ni roho pamoja na mwili si jipya kwetu sisi watu wa pwani, tuliolelewa kwa kusomewa Miraji kila mwezi wa Rajabu, na tuliosikia jinsi wanazuoni walivyohitilafiana juu yake, hata jumhuri yao wakashika kuwa Mtume alipaa kwa mwili na roho. Walakini katika karne ya ishirini alitokea huko Marekani mtu asiyengojea muujiza wala kutosheka na ndoto. Alitaka mwili wa kila mja uachiwe na ardhi kwa njia ya elimu, na kwa azma hiyo akatoa mali yake. Habari zake zastahiki kusimuliwa kwa taadhima, kwani yaliyozaliwa na fedha yake ni makubwa kuliko yale aliyoyatafuta.

Roger Babson alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Gloucester, bandari ya wavuvi katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1893, angali kijana, ndugu yake wa kike alizama akafa katika mto Annisquam, karibu na kwao. Msiba huo haukumtoka moyoni. Akasoma uhandisi, akaingia katika biashara ya kuuza takwimu na habari za masoko, akatajirika. Na mwezi wa Septemba 1929 alipowaonya watu hadharani kwamba soko la hisa la New York litaanguka, wengi walimpuuza, ila lilipoanguka kweli wiki chache baadaye jina lake likavuma. Mwenyewe alishika kuwa maarifa hayo aliyapata kwa Newton: kila tendo lina tendo la kulikabili, basi bei iliyopanda kupita kiasi haina budi kushuka. Mkewe, Grace, naye akakusanya vitabu na hati za Newton, na hata kuta za chumba kimoja cha nyumba aliyokaa Newton mjini London zikanunuliwa, zikavushwa bahari, na kusimamishwa upya katika chuo alichokiasisi Babson.

Ni ajabu kwamba mtu huyo huyo aliyemtukuza Newton kiasi hicho ndiye aliyeichukia ile kani ambayo Newton aliwafunulia watu kanuni yake. Mwaka 1947 mjukuu wake naye alizama katika ziwa moja la New Hampshire, na jeraha la zamani likafunguka. Mwaka uliofuata akaandika risala akiuita mvutano adui wetu mkuu kuliko wote, akieleza kwamba ndugu yake alishikwa na nguvu iliyomvuta hadi chini ya mto, asiweze kupigana nayo wala kupanda juu kupata pumzi. Wako waliomcheka, na hata leo wapo. Mimi siwezi kumcheka. Mfiwa hutafuta wa kumlaumu, na yeye badala ya kumlaumu mtu aliilaumu kani ya maumbile, kisha akauliza kwa dhati kama haiwezi kukingwa, mfano wa mwavuli ukingavyo mvua.

Akaasisi Wakfu wa Utafiti wa Mvutano, akauweka katika kijiji cha New Boston, mahali alipopachagua kwa kuwa pako mbali na miji mikubwa iliyohofiwa kupigwa kwa bomu la atomiki. Tangu 1949 wakfu ukatangaza mashindano ya insha ya kila mwaka, tuzo ya kwanza ikiwa dola 1,000, na waandishi wakitakiwa waeleze namna ya kupata kitu cha kuuzuia, kuuakisi au kuunyonya mvutano. Mwaka 1953 aliyeshinda alikuwa Bryce DeWitt, kijana mwanafizikia aliyehitaji fedha ya kununulia nyumba, na insha yake, aliyoiandika kwa usiku mmoja, iliwaambia waziwazi wenye wakfu kwamba wanachokitafuta hakipo, na kwamba heri nguvu zao wazielekeze katika kuujua mvutano wenyewe. Wakampa tuzo. Katika historia nzima ya mambo haya sijui tendo la insafu kubwa kuliko hilo, la mwenye mali kumzawadia anayeyabatilisha matumaini yake.

Sababu ya kutokuwapo ngao hiyo si ngumu kufahamu. Umeme una chaji za namna mbili, chanya na hasi, nazo zaweza kupangwa hata zikabatilishana. Bali uzani tunaoujua ni wa namna moja tu, nao huvuta daima. Zaidi ya hayo, Einstein alikuwa amekwisha tambua tangu 1907, angali mtumishi katika ofisi ya hataza mjini Bern, kwamba mtu anayeanguka kutoka darini hausikii uzito wake. Wepesi ule wa ndotoni, basi, ni hali ya mwenye kuanguka. Na hata katika ubongo hali hizo mbili, kuelea na kuanguka, zaonekana kuwa jirani: yapata karne moja baadaye, mwaka 2002, daktari Olaf Blanke na wenzake huko Geneva, walipokuwa wakimchunguza mwanamke mwenye kifafa, walipitisha umeme kidogo mahali fulani katika upande wa kulia wa ubongo wake, naye kwanza akahisi kama anayedidimia kitandani au anayeanguka kutoka juu; umeme ulipozidishwa, akajiona yuko karibu na dari, akiutazama mwili wake uliolala chini.

Insha ya DeWitt ilimfikia Agnew Bahnson, mwenye viwanda wa North Carolina, ambaye naye alikuwa na shauku ya kuushinda mvutano, na ambaye alikuja kufa mwaka 1964 kwa kuanguka na ndege yake. Fedha za Bahnson ndizo zilizofanya DeWitt na mkewe, Cécile DeWitt-Morette, waalikwe katika mji wa Chapel Hill kuasisi taasisi, na Januari 1957 wakakutanisha hapo wanafizikia wakubwa wa zama zile, wakati ambapo elimu ya mvutano ilikuwa imeachwa pembeni na watu wengi. Swali moja lililowashughulisha ni kama mawimbi ya mvutano yaweza kuchukua nishati, na Richard Feynman akawathibitishia kwa mfano wa shanga zitelezazo juu ya fimbo: wimbi likipita, shanga husogea, na msuguano wao huipasha fimbo joto. Kutoka katika mjadala huo njia yaenda hadi tarehe 14 Septemba 2015, pale mitambo ya LIGO, yenye mikono ya urefu wa kilomita 4, ilipolinasa wimbi la mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali nasi kiasi cha miaka-nuru bilioni 1.3.

Babson hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1967, akiwa amekwisha toa fedha kwa vyuo kadhaa ili visimamishe mawe ya kuwakumbusha wanafunzi neema zitakazokuja siku kizuizi cha mvutano kitakapopatikana. Jiwe moja liko katika Chuo Kikuu cha Tufts, na huko imekuwa ada kwamba mwanafunzi wa elimu ya ulimwengu apatapo shahada ya udaktari hupiga magoti mbele yake, na mwalimu wake akamwangushia tufaha kichwani. Wakfu nao ungali watoa tuzo kila mwaka, wala haudai tena ngao. Stephen Hawking aliipata mwaka 1971. Lilibaki tumaini moja dogo, kwamba antimata, iliyo kinyume cha maada yetu, labda husukumwa na ardhi badala ya kuvutwa. Mwaka 2023 wataalamu wa jaribio la ALPHA, huko CERN, walitangaza kwamba wamezifunga atomu za antihidrojeni katika mtego wa sumaku uliosimama wima, kisha wakazifungulia juu na chini kwa pamoja. Na nyingi katika hizo zilitokea chini.