Kiyoyozi cha Gari na Gharama ya Gesi Inayovuja
Kiyoyozi cha gari kiliingia sokoni Marekani mwaka 1939, kampuni ya Packard ilipokiweka kwenye magari ya toleo la 1940 kwa nyongeza ya dola 274. Mtambo wa kupozea ulimeza sehemu kubwa ya buti. Kompresa haikuwa na klachi, hivyo kuizima kulidai kusimamisha injini, kufungua boneti na kuvua mkanda. Baada ya 1941 Packard iliachana nacho.

Viyoyozi vya gari viliporejea baadaye, udhaifu wa msingi ulibaki. Kompresa ya friji ya nyumbani hufungiwa pamoja na mota yake ndani ya chuma kilichochomelewa. Ya gari kwa kawaida huzungushwa na injini, kwa hiyo mhimili wake hupenya nje kupitia sili, na mipira ya gesi hutikisika safari nzima. Gesi huvuja. Kwa miongo mingi mafundi wengi walijaza tu R-12, gesi ya kupozea iliyokuwa rahisi, bila kuziba tundu, na tabaka la ozoni likalipia uzembe huo. Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka hilo, ilibadili hesabu: Marekani ilisitisha uzalishaji wa R-12 mwishoni mwa 1995, bei ikapaa, na kuhamia gesi mbadala ya R-134a kukadai pia kubadili mafuta ya kompresa, kwani ya zamani hayachanganyiki na gesi hiyo.