Presha ya Koti Jeupe

Presha ya koti jeupe ni ile inayompanda mtu akiwa mbele ya daktari au muuguzi, kisha akirudi nyumbani inakaa sawa. Anayehesabiwa kuwa nayo ni yule asiyetumia dawa za presha, ambaye kipimo chake cha kliniki kinafika 140/90 au kuzidi, lakini wastani wake wa nyumbani uko chini ya 135/85, au wa saa 24 uko chini ya 130/80. Namba hizo ni milimita za zebaki. Kati ya wanaokutwa na presha kubwa kliniki, wapatao 15 hadi 30 katika kila 100 wako katika kundi hili.

Kinachoipandisha ni wasiwasi. Ubongo huziamsha neva zinazoendesha moyo na mishipa bila hiari ya mtu, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka na kwa nguvu, mishipa midogo hubana. Si lazima mgonjwa atetemeke au atokwe jasho. Wapo wanaokaa wametulia kabisa, na bado mashine ikaonyesha namba za kutisha. Ndiyo maana kumwambia mtu "usiogope" hakutoshi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Milan, Italia, mwaka 1983. Giuseppe Mancia na wenzake waliwapima wagonjwa waliolazwa kwa mrija mwembamba uliokuwa ndani ya mshipa wa ateri, hivyo presha ilionekana muda wote bila mkanda kufungwa mkononi. Daktari alipofika kitandani kuwapima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa 27 hivi katika dakika chache za mwanzo, halafu ikaanza kushuka yeye akiwa bado yupo. Mwaka 1987 walionyesha kwamba akija muuguzi badala ya daktari, presha hupanda kidogo zaidi ya nusu tu ya hapo. Mwaka uliofuata, Thomas Pickering wa New York alitoa taarifa ya wagonjwa 292 waliokuwa na presha ya mpakani bila kutumia dawa: asilimia 21 kati yao walikuwa sawa kabisa mchana walipokuwa kwenye shughuli zao.

Lakini si kila namba kubwa ya kliniki ni ya hofu. Mama ametembea juani, amekaa kwenye benchi kwa saa nyingi, mkojo umembana. Anaitwa, anakaa ukingoni mwa kiti, mkono unaning'inia, mkanda unafungwa juu ya shati, na huku unajaa upepo anaulizwa umri na anapoishi. Mashine inasoma 158/94, naye anaondoka akiwa ameambiwa ana presha ya kupanda. Vingi kati ya hivyo vinaweza kupandisha kipimo vyenyewe, hata kuongea tu. Alistahili kupumzishwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishana, mkono umewekwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Foleni ni ndefu, ni kweli, lakini dawa ya presha huwa ya miaka mingi, na mzee asiyeihitaji anaweza kupata kizunguzungu akisimama, akaanguka.

Hali hii haipaswi kupuuzwa pia. Baadhi ya walio nayo hupata presha ya kudumu baadaye, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba wasiotibiwa wana hatari kubwa kiasi ya maradhi ya moyo kuliko wenye presha ya kawaida. Hivyo hufuatiliwa, angalau mara moja kwa mwaka. Kinyume chake ni presha iliyojificha, ambayo kliniki iko sawa na nyumbani iko juu. Hiyo ni ya hatari zaidi, maana mgonjwa huruhusiwa aende zake.

Ukweli hupatikana kwa mashine inayovaliwa saa 24, au kwa kujipima nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili kila safari, na kuandika kila namba daftarini, hata ile isiyopendeza. Wakati wa kutafuta wastani, siku ya kwanza huachwa: hata mashine ya nyumbani huanza kwa kutia wasiwasi.